Madebe mawili, kubwa na dogo: uchambuzi wa kisa cha mfanyabiashara wa nafaka Moshi

Mama mmoja mwenye fremu ya nafaka karibu na soko la Mbuyuni, Moshi mjini, alikuwa na madebe mawili. La kwanza lilikaa kwenye kirikuu, gari lake dogo la mizigo, na kila msimu wa mavuno lilisafiri naye kwenda kununua mahindi Kahe, Chekereni na vijiji vya chini ya Himo. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kutoka ndani mpaka kikatuna. La pili lilikaa dukani, kitako kimebonyezwa kuingia ndani. Ukiyatazama yakiwa yamesimama sakafuni huoni tofauti. Alipokuja kuyapima kwa mizani, la kununulia lilizidi debe la kawaida kwa kilo mbili za mahindi, na la kuuzia lilipungua kilo moja na nusu. Alinunua kwa kubwa, akauza kwa dogo, na katikati hapo ndipo ada za watoto na sehemu ya ahadi zake za michango kanisani zilipotoka.

Ni Mlutheri, mwanakwaya wa siku nyingi, mtu wa kwanza kufika palipo na msiba. Ameniruhusu nikieleze kisa hiki bila jina lake wala la usharika wetu. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa katika baraza lililoletewa jambo lake, na ninakiandika kwa sababu nimeona jinsi ilivyo rahisi kwa kanisa zima, likiwa na nia njema kabisa, kumsaidia mtu atubu bila kumsaidia atii.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye jumuiya. Walikuwa wakisoma Kumbukumbu la Torati sura kwa sura, wakafika ya 25, ambayo watu wengi huikimbilia kwa ile habari ya ng'ombe apurapo nafaka asifungwe kinywa. Mwishoni, mstari wa 13, kuna maneno haya: "Usiwe na mawe ya kupimia mbalimbali katika mfuko wako, kubwa na dogo." Mstari wa 14 unasema hivyo hivyo kuhusu vipimo vilivyomo nyumbani. Mama huyu aliniambia kwamba mahubiri mengi ya "usiibe" yalikuwa yamempita bila kumgusa, maana hakujiona mwizi. Aliliona debe kama desturi ya soko. Lakini hapa aliona kifaa chake kimetajwa, idadi yake imetajwa, na ukubwa wake umetajwa.

Amri yenyewe inaanza na "usiwe na". Haingoji mpaka umpunje mtu. Kumiliki vipimo viwili tayari ni kuasi, kwa kuwa hakuna mtu anayeweka kipimo cha pili kwa bahati mbaya. Mama huyu alilielewa hivyo bila kufundishwa na yeyote. Wiki hiyo hiyo aliyapeleka madebe yote mawili kwa fundi bati, yakakatwa, bati likaenda kuziba banda la kuku. Akanunua mizani, akaipeleka kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, kama sheria inavyotaka. Wenzake sokoni wakadhani amepata mkopo.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa ushuhuda mzuri wa Jumapili. Ila lilibaki swali la miaka sita aliyokuwa ameyatumia madebe hayo.

Bahasha

Alikwenda kwa mchungaji na bahasha yenye shilingi 500,000. Akaiita sadaka ya toba. Alikuwa amekisia tu. Aliona ni kiasi kinachouma, na akaamini kinachouma ndicho kinachofaa. Mchungaji aliomba naye, akamtamkia msamaha wa dhambi kama ibada yetu inavyoelekeza, kisha akamwomba ruhusa ya kulileta jambo kwenye baraza ili fedha ile ielekezwe vizuri. Usharika ulikuwa unaezeka. Mabati yalikuwa yamepanda bei, na kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukisimama nje kwenye mnada, tukipandishiana bei ya mkungu wa ndizi au trei ya mayai ili tupate chochote. Wazee wengi waliona jibu limeshapatikana: bahasha iende kwenye paa. Hakuna aliyesema hivyo kwa tamaa, kwa maana paa lilikuwa wazi na masika yalikuwa yanakaribia.

Mwinjilisti wa mtaa, kijana ambaye kwa kawaida huongea kidogo mbele ya wakubwa zake, ndiye aliyenyoosha mkono. "Baba Mchungaji, samahani. Naomba kuuliza, hizi hela ni za nani?"

Tukamweleza ni za mama yule, amezitoa mwenyewe.

"Nimeelewa, baba. Lakini zile kilo mbili za kila debe zilitoka kwa watu. Hao watu wanajulikana?"

Mama alikuwa ameketi pale pale. Akajibu kwamba wakulima anaowanunulia wako kwenye daftari lake, kwa majina na idadi ya magunia, walau kwa misimu mitatu ya mwisho. Baraza likanyamaza.

Kwa maoni yangu, swali la yule kijana ndilo lililobeba kisa chote. Dhambi hii ilikuwa na anwani. Tulikuwa tunataka kuipokea fedha ya mkulima wa Kahe, ambaye huenda paa lake mwenyewe linavuja, tuiweke juu ya vichwa vyetu, na tumwite mama yule mtoaji.

Maandiko yanavyoipanga kazi

Watu hudhani Biblia inazungumzia marejesho kwa ujumla tu. La hasha, inaingia mpaka kwenye hesabu. Mambo ya Walawi 6 inamtaja mtu aliyemdhulumu mwenzake, akadanganya kuhusu amana, au akaokota kilichopotea akakana. Akijijua kuwa ana hatia, anarudisha kitu kizima, anaongeza juu yake sehemu ya tano, na anampa mwenyewe aliyedhulumiwa. Baada ya hapo ndipo anapomletea kuhani kondoo dume wa sadaka ya hatia. Mpangilio huo una uzito: mwenye mali anatangulia, madhabahu inafuata. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinarudia sheria hiyo na kutanguliza neno moja, kuungama. Mtu anasema alichofanya, anarudisha kwa utimilifu wake, anaongeza sehemu ya tano.

Yesu hakuugeuza mpangilio huo. Katika Mathayo 5:24 anamwambia mtu ambaye tayari amefika na sadaka yake: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Sadaka inaachwa pale pale, wala haishiki nafasi ya kumwendea ndugu. Na Samweli alipomkuta Sauli na kondoo wa Amaleki waliohifadhiwa eti kwa ajili ya kumtolea Bwana dhabihu, alimjibu kwa maneno ambayo sisi huyaandika hata kwenye kalenda: "kutii ni bora kuliko dhabihu." Sauli alikuwa na kusudi la ibada kabisa. Alichokosea ni kudhani kwamba kilichopatikana kwa kuasi kinasafishwa kwa kupelekwa madhabahuni.

Kuna jambo hapa ambalo kanisa la Kilutheri lingepaswa kuliona haraka kuliko makanisa yote. Mwaka 1517 Martin Luther alipoandika zile hoja 95, ugomvi wake ulikuwa juu ya watu kufundishwa kwamba fedha inaweza kusimama mahali pa toba, na fedha hiyo ilikuwa inakwenda kwenye ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Hoja ya 43 inasema wazi kwamba anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vema kuliko anayenunua cheti cha msamaha. Sisi hatukumwuzia mama yule msamaha. Lakini bahasha ya dhuluma kuingia kwenye ujenzi huku aliyedhulumiwa hana habari ni jambo lililokaribia mno lile tulilojitenga nalo.

Vile vile katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mtoto wetu huikariri kabla ya kipaimara, maelezo ya amri ya saba hayaishii kwenye kutoiba. Yanakataza kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila, kisha yanaamuru kumsaidia jirani atunze na kuendeleza mali yake. Mama yule aliikariri akiwa msichana. Sote katika baraza tuliikariri.

"Damu ya Yesu imeshalipa"

Pingamizi kubwa halikutoka kwa wapenda fedha. Lilitoka kwa mzee mmoja mcha Mungu, mtu ninayemheshimu. Alisema: "Mwanangu ametubu. Mchungaji amemtamkia msamaha. Tukimrudisha kwenye hesabu za Walawi tunamrudisha chini ya sheria. Tunaokolewa kwa neema, tena kwa imani." Hoja hiyo inastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu nusu yake ni injili yenyewe. Hakuna kilo ya mahindi inayoweza kumnunulia mtu msamaha wa Mungu, na yeyote aliyemwambia mama yule vinginevyo angekuwa amempotosha.

Lakini tazama alivyofanya mtume wa neema mwenyewe. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa amemwacha bwana wake, na inaonekana kulikuwa na hasara. Akampata Paulo kifungoni, akaamini. Paulo anamrudisha kwa barua fupi kuliko zote tulizo nazo kutoka kwake. Katika barua hiyo angeweza kuandika kwamba Onesimo ni kiumbe kipya, ya kale yamepita, Filemoni asahau. Badala yake anaandika: ikiwa amekudhulumu au unamwia kitu, ukiandike juu yangu. Kisha anaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe, "mimi nitalipa". Paulo anafungua daftari la madeni katikati ya barua ya neema. Kwake msamaha wa Mungu haukufuta haki ya Filemoni. Deni lilibaki deni, na mtu aliyesamehewa ndiye hasa aliyepata uhuru wa kulitazama bila kujificha. Tena huyo aliyedhulumiwa hakuwa maskini. Alikuwa na nyumba ambayo kanisa lilikutanikia. Kama deni la tajiri lilihesabiwa, la mkulima wa Chekereni je?

Zakayo naye hakulipa ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alikuwa ameshajialika. Marejesho yalikuwa tunda la kuketi naye mezani. Alisema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne," na hapo ndipo Yesu aliposema kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Na Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyeihubiri neema kuliko wengi waliomtangulia, alimwandikia ofisa mmoja wa Kirumi aitwaye Macedonius kwamba mali ya mtu ikiwezekana kurudishwa na isirudishwe, hapo toba haifanywi bali inaigizwa.

Wazee wetu wa uamsho, wimbi lililoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki nzima, walilijua jambo hili bila vitabu. Mtu akiokoka alirudisha jembe la jirani, alilipa deni lililosahauliwa, alikwenda kwa mwajiri wake wa zamani kusema alichochukua. Waliita kutembea nuruni. Sijui ni lini hasa sisi tulianza kuona kwamba nuru inatosha ikiishia madhabahuni.

Yule mzee hakushindwa kwa hoja zangu. Aliomba muda akasome Filemoni nyumbani. Kikao kilichofuata alisema tu, "Mama aende kwa wenye mali. Mimi nitamwombea njiani."

Hesabu

Gunia moja ni madebe sita. Kilo mbili kwa debe ni kilo 12 kwa gunia. Daftari la misimu mitatu lilionyesha magunia 150 kutoka kwa wakulima 14. Hiyo ni kilo 1,800. Sehemu ya tano yake ni kilo 360. Jumla kilo 2,160. Kwa bei ya mahindi ya wakati ule, thamani yake ilizidi mara tatu ya ile bahasha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Maandiko yanasema "kwa utimilifu wake". Makadirio ya moyo wenye majuto yanaweza kuonekana makubwa kwa anayetoa, na bado yakapungua sana kwa anayedai.

Mama aliuliza kama haimpasi kulipa mara nne kama Zakayo. Swali zuri. Mara nne ni kiwango ambacho Kutoka 22 inamtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Aliyekutwa na mnyama mzima analipa mara mbili. Sehemu ya tano ni ya yule anayekuja mwenyewe kabla hajakamatwa. Zakayo, bila kushurutishwa, alijipangia kiwango cha mwizi. Hilo lilikuwa lake. Kwa mama huyu tulimshauri abaki kwenye sehemu ya tano, kwanza kwa sababu ndiyo iliyoamriwa mtu wa hali yake, na pili kwa sababu alikuwa na mtoto chuoni, na ahadi ya mara nne ingemvunja kabla hajamfikia mkulima wa tatu. Utii wenye kukamilika ni bora kuliko nadhiri inayopendeza masikioni.

Arudishe nini, fedha au mahindi? Hapa yeye mwenyewe alituzidi sisi sote. Alisema mkulima huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akalipe madeni ya mbegu na ada. Miezi michache baadaye huyo huyo hununua unga kwa bei ya juu. Kwa hiyo kumpa fedha kwa bei ya siku aliyouza ni kumpunja mara ya pili. "Nilichukua mahindi, nirudishe mahindi, tena niyapeleke wakati ghala lake limekwisha." Akanunua kwa mizani yake mpya, akayahifadhi, akaanza kuyapeleka njaa ilipoanza kubisha hodi. Sikuwahi kufikiri kwamba utii unaweza kuchagua hata mwezi wa kulipa.

Miaka mitatu ya mwanzo ambayo haina daftari aliikadiria kwa kukaa na kijana aliyekuwa akimpakilia magunia, wakikumbushana. Palipokuwa na shaka, walichukua idadi ya juu. Hilo deni la pili alilipanga kwa msimu unaofuata.

Njiani

Mkulima wa kwanza alikuwa mzee wa Kahe. Mama alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema alilolijia bila kuzunguka: debe lilikuwa limegongwa, umeniuzia magunia 20, nimekuchukulia kilo 240, hizi hapa ni 288. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, debe lako tulilijua siku ile ya kwanza. Ndiyo maana tulikuwa tunakuchanganyia yaliyobunguliwa."

Je, dhuluma mbili zinafutana? Kijana wake wa kupakia alidhani hivyo, akapendekeza warudi na mahindi. Kibiashara ana hoja. Lakini mstari wa Kumbukumbu haukuandikwa kwa masharti ya mwenzako kuwa mwaminifu. Mama aliyaacha magunia pale, na kuhusu yaliyobunguliwa hakudai chochote. Mzee naye hakuungama kwa machozi wala hakurudisha kitu. Alipokea, akamshukuru, akamwuliza bei ya msimu ujao. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu utii wa mama haukuhitaji wa mzee ili uhesabike.

Mama mmoja Chekereni alikataa kupokea. "Mungu ameshakusamehe, dada. Baki nayo, una watoto." Wakavutana kwa upole, na mwishowe akapokea nusu. Nimeulizwa kama hapo deni limelipwa. Naona limelipwa. Mali ni ya aliyedhulumiwa, na mwenye mali ana haki ya kusamehe. Kusamehe huko kunakuja baada ya mali kufikishwa mlangoni kwake, naye akaamua akiwa anajua idadi. Mtu hawezi kusamehe kilo asizojua kwamba alipoteza, na sisi barazani tulikuwa karibu kusamehe kwa niaba yake.

Mwingine alikuwa amefariki. Hesabu 5:8 inataja jamaa wa kupokea, kwa hiyo mahindi yalikwenda kwa mjane wake, na wana wakaitwa wayaone ili baadaye pasizuke maneno.

Wengine hawakuwa wapole. Mmoja alimfokea mbele ya majirani, akatangaza kijiji kizima, na wakulima wanne wakahamia kwa mnunuzi mwingine, ambaye debe lake sina shaka limegongwa vile vile. Msimu huo mama alinunua pungufu. Kule dukani wateja waliozoea kununua kwa debe na sado, lile kopo dogo la kupimia, walilalamika kwamba bei ya kilo iko juu, maana debe lisilo haki lina faida hii, linafanya bei ionekane ndogo. Ada ya muhula mmoja ililipwa kwa mafungu. Wapo watakaosubiri niseme kwamba baadaye Mungu alimlipa maradufu. Sijaona hilo bado, na hakuliuliza. Siku moja nilimkuta ameshika tama mbele ya mizani, nikamwuliza kama anajuta. Akasema amechoka, hajuti.

Ahadi iliyowekwa kando

Tendo lililoleta ugumu kuliko yote lilikuwa dogo. Alikuja kwenye baraza akaomba ahadi yake ya ujenzi isimamishwe mpaka amalize kulipa wakulima. Alinukuu Mathayo 5:24. Alisema hawezi kupeleka mbele sadaka ambayo fedha yake ina mwenyewe.

Kwetu, majina ya waliokamilisha ahadi husomwa kanisani, na yasiyosomwa huonekana kwa kutosomwa. Kwa mwanakwaya wa mstari wa mbele hiyo ni aibu hasa. Baadhi ya wazee walisema anaweka mfano mbaya, kila mwenye deni atasimamisha ahadi. Wengine walisema apunguze tu kidogo, atoe huku na kule. Mimi nilisimama upande wake na bado niko huko. Kama kanisa haliwezi kungoja mabati yake ili mkulima apate chakula chake, basi halijasoma ule mstari linaoutundika ukutani. Yesu hakusema sadaka ifutwe. Alisema iachwe, kisha mtu arudi aitoe. Baraza lilikubali kwa tofauti ya kura chache. Na ile bahasha ya kwanza ilirudishwa mikononi mwake, ikanunua mahindi.

Palibaki kundi ambalo halina daftari: wateja wa mjini walionunua kwa debe dogo, watu wa Pasua, Njoro na Majengo ambao huja wakinunua kidogo kidogo. Hawa hana namna ya kuwajua mmoja mmoja. Katika Hesabu 5:8, pasipokuwa na wa kupokea, marejesho ni ya Bwana, nayo huwa ya kuhani. Hapa tu ndipo kanisa linaposhika zamu yake kihalali. Nilipendekeza sehemu hii isiende kwenye paa, iende kwenye diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, kwa kuwa waliopunjwa sado ya unga na maharage ni wale wale tunaowahudumia kwa diakonia, na angalau kitu kingerudi mtaa kilikotoka. Mchungaji aliafiki. Mama anatoa gunia kila mwezi, na hakuna tangazo linalosomwa.

Hadi ninapoandika haya wakulima 11 kati ya 14 wamepokea. Watatu walihama, wawili inasemekana kuelekea Simanjiro, mmoja hajulikani. Katika kikao kilichopita mzee mmoja alishauri kwamba sasa fungu la hao watatu lihesabiwe kuwa la Bwana, liletwe kanisani. Mama amekataa kwa adabu, akisema mstari unazungumzia mtu asiye na jamaa, na hajamaliza kutafuta jamaa zao. Mchungaji ameandika barua kwa sharika za maeneo hayo. Magunia yao yako stoo, yamewekewa dawa ya wadudu, na kila moja lina jina lake.